UZI: Pasaka haikutoka kwa Ishtar. Basi ilitoka wapi, na huyu Eostre ni nani?

#1 Mleta mada

Salaam wakuu.

Kila mwaka Kwaresma ikielekea ukingoni, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni picha ya mungu wa kike mwenye mabawa, na chini yake maelezo kwamba Pasaka ni sikukuu ya Ishtar wa Babeli, mayai na sungura ni alama zake za uzazi, na Konstantino, kaisari wa Roma, ndiye aliyeibatiza ikawa ya Kikristo. Mara nyingi picha yenyewe ni ya lile bamba la udongo lililoko Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wataalamu hawajakubaliana hata kama aliyechorwa pale ni Ishtar au ni dada yake Ereshkigali, malkia wa kuzimu.

Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu ujumbe huo unadhulumu pande mbili kwa mpigo. Unawadhulumu Wakristo walioadhimisha Pasaka miaka mingi kabla Konstantino hajazaliwa. Halafu unamdhulumu Ishtar mwenyewe, ambaye habari zake ni nzito na za kusisimua kuliko huo uzushi.

Nianze naye. Wasumeri walimwita Inanna. Mji wake mkuu ulikuwa Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, na hekalu lake liliitwa Eanna. Waakadi, Wababeli na Waashuru ndio waliomwita Ishtar. Alikuwa mungu wa mapenzi na pia wa vita, yote mawili kwa wakati mmoja. Sayari yake ni Zuhura, ile inayong'aa alfajiri au baada ya jua kuzama, na ndiyo maana alama yake ni nyota ya ncha 8. Mnyama wake ni simba. Lango la Ishtar, lililojengwa Babeli na Nebukadreza wa Pili katika karne ya 6 KK, limejengwa upya ndani ya makumbusho ya Pergamon, Berlin. Kuta za barabara iliyoelekea langoni zina simba wanaotembea, na lango lenyewe lina mafahali na majoka juu ya matofali ya buluu. Hakuna sungura pale, wala yai.

Enheduanna, binti wa mfalme Sargon na kuhani wa mungu wa mwezi mjini Uru, anatajwa kuwa mtunzi wa tenzi za kumsifu Inanna zaidi ya miaka 4,200 iliyopita. Ndiye mtunzi wa kwanza duniani tunayemjua kwa jina.

Hadithi kubwa ya Inanna ni ile ya kushuka kuzimu. Kuna malango 7, na katika kila lango anavuliwa kitu: taji, mkufu, mpaka vazi la mwisho. Anafika mbele ya Ereshkigali akiwa uchi, anahukumiwa, anageuka maiti na kutundikwa kwenye ndoano. Siku 3 usiku na mchana zinapita, mjumbe wake Ninshubur anaenda kuomba msaada kwa miungu, na mwishowe Inanna anahuishwa kwa chakula na maji ya uzima. Ila kuzimu haimwachii mtu bure, lazima apatikane mbadala. Anarudi nyumbani, anamkuta mumewe Dumuzi amekaa kwenye kiti cha enzi amevaa vizuri, hana hata dalili ya msiba. Anamtoa yeye. Katika masimulizi ya Kiakadi, muda wote Ishtar akiwa chini, fahali hampandi ng'ombe na mwanamume halali na mkewe, yaani uzazi wote unasimama duniani.

Huyo ndiye Ishtar. Nitaendelea na sehemu ya jina la Kiingereza, lakini kama kuna mwenye swali hapa atangulie.

#2 Mchangiaji

Mkuu, mbona umeshajibu mwenyewe? Kufa, siku tatu, kurudi kwenye uhai. Tena Biblia inawajua hao watu. Ezekieli 8:14 wanawake wamekaa mlangoni mwa hekalu wanamlilia Tamuzi. Yeremia anasema watu wanamfukizia uvumba malkia wa mbinguni. Mimi naona wapinga Pasaka wana hoja.

#3 Mleta mada

Mkuu wa #2, hoja yako ni ya maana na sitaki niipite juu juu.

Ni kweli kabisa, Tamuzi ndiye Dumuzi. Ni kweli pia kwamba ndani ya Yerusalemu kulikuwa na watu wanaomlilia. Yeremia 7:18 inasimulia familia nzima kazini: watoto wanaokota kuni, akina baba wanawasha moto, akina mama wanakanda unga wa kumtengenezea mikate malkia wa mbinguni. Wengi wanaona nyuma ya jina hilo yupo Ishtar au Astarte wa Wafoinike, yule ambaye Biblia yetu inamwita Ashtorethi. Hilo halina ubishi mkubwa.

Sasa angalia majira. Tamuzi aliombolezwa katika mwezi uitwao kwa jina lake, ambao unaangukia Juni na Julai, wakati jua la Mesopotamia linapounguza majani yote. Ni kilio cha kiangazi. Ukitafuta sikukuu kubwa ya machipuko ya Babeli utaikuta ni Akitu, mwanzo wa mwaka, mwezi wa Nisannu, na mwenye sikukuu ni Marduk, mungu mkuu wa Babeli. Siku ya nne kuhani alisoma utenzi wa uumbaji mbele ya sanamu ya Marduk. Siku ya tano mfalme alivuliwa alama za ufalme, akapigwa kofi na kuhani mkuu, akaapa kwamba hakuwakosea watu wa Babeli, na machozi yakimtoka ilikuwa dalili njema. Ni sherehe ya kustaajabisha, lakini Ishtar si kiini chake.

Kama unataka alama ya kweli ya Babeli ndani ya Pasaka, ipo, na waeneza ujumbe hawaitaji kamwe: ni jina la mwezi. Vitabu vya zamani vya Torati vinauita mwezi wa Pasaka Abibu, yaani mwezi wa masuke mabichi ya shayiri. Baada ya uhamisho, Nehemia na Esta wanauita Nisani, na hilo ni jina la Kibabeli walilorudi nalo Wayahudi, pamoja na majina mengine ya miezi, akiwemo Tamuzi ambaye yumo kwenye kalenda yao hadi leo. Walichukua kalenda. Sikukuu yenyewe walikuwa nayo.

Kuhusu zile siku tatu, soma hadithi yote. Inanna anatoka kwa kumpeleka mwingine kuzimu badala yake. Anayehubiri kwamba Injili imenakili hapo ana kazi kubwa ya kutuonyesha njia iliyopitiwa kutoka mabamba ya Kisumeri hadi kwa wavuvi wa Galilaya. Kufanana kwa idadi ya siku hakutoshi.

#4 Mchangiaji

Sawa, lakini Waingereza wanaiita Easter. Easter, Ishtar. Hilo nalo ni bahati tu?

#5 Mleta mada

Hapa ndipo patamu.

Wa kulifunga fundo hilo na kulieneza alikuwa mchungaji wa Uskoti, Alexander Hislop. Alitoa kijitabu mwaka 1853, akakipanua kuwa kitabu mwaka 1858, *The Two Babylons*. Lengo lake lilikuwa kuonyesha kwamba Kanisa Katoliki ni Babeli iliyovaa joho jipya. Akasema Easter ni Astarte, na Astarte ni Ishtar, kwa kuwa majina yanasikika karibu karibu. Kipindi hicho mabamba ya kikabari, yaani maandishi ya kale ya Mesopotamia, ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kusomwa, na jina la Ishtar lilikuwa habari mpya mjini. Kitabu kikasafiri kwa wahubiri wa Uingereza na Marekani, na hoja zake ndizo hizo zinazotufikia leo kwenye simu bila jina la mwandishi.

Kilichomwangusha ni kitu chepesi. Jina lenye mlio huo wanalo Waingereza na Wajerumani, basi. Wagiriki, ambao ni majirani wa Foinike na ambao Agano Jipya liliandikwa kwa lugha yao, wanasema Paskha. Wafaransa, Waitalia, Wahispania, Warusi, Waethiopia na sisi wenyewe tuna neno la shina hilohilo, kutoka Pesakh ya Kiebrania kwa njia ya Kiaramu. Ishtar angekuwa ndiye chanzo, jina lake lingebaki Shamu na Misri kabla ya kufika kwenye baridi ya Northumbria, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Uingereza. Katika Matendo 12:4, ambapo Biblia ya Kiingereza ya 1611 imeandika Easter na watu wakaishika kama ushahidi, maandishi ya Kigiriki yana neno lilelile la Pasaka, na Biblia yetu ya Kiswahili imelitafsiri hivyo hivyo.

Basi Easter imetoka wapi? Shahidi ni mmoja: mtawa Bede wa monasteri ya Jarrow, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 725 aliandika kitabu cha namna ya kuhesabu nyakati, na katika sura ya 15 akaorodhesha miezi ya Waingereza wa kale. Mwezi uliolingana na Aprili, anasema, uliitwa Eosturmonath kwa jina la mungu wao wa kike Eostre, ambaye zamani walimfanyia sherehe katika mwezi huo. Sasa wanaita kipindi cha Pasaka kwa jina lake.

Imeishia hapo. Hasemi alifananaje, hakumtaja sungura, hakutaja yai, wala hakusema waumini wake walifanya nini siku ya sherehe. Yote unayoyasoma leo kuhusu nywele zake, kikapu chake na ndege wake aliyegeuka sungura yameongezwa na watu waliozaliwa zaidi ya miaka elfu baada ya Bede.

#6 Mchangiaji

Kama shahidi ni mmoja tu, huenda na huyo Eostre alitungwa. Mtawa alitaka kueleza jina la mwezi akaona asingizie mungu.

#7 Mleta mada

Wapo wanahistoria waliowaza hivyo, mkuu. Mimi nauona upande wa pili una nguvu zaidi.

Kwanza, Bede alizaliwa miaka ya 670, wakati Ukristo wa Northumbria ulikuwa haujafikisha hata miaka 50. Wazee wa utoto wake walikuwa na wazazi wapagani. Alikuwa na nafasi ya kusikia. Pili, alikuwa mtu wa kanisa hadi kwenye uboho, na kumbunia mungu wa kipagani sikukuu kuu ya imani yake hakumfaidishi chochote. Tatu, Einhard, aliyeandika maisha ya Karolo Mkuu, anasema mfalme huyo aliuita mwezi wa Aprili Ostarmanoth. Kwa hiyo jina la mwezi halikuwa la kijiji kimoja.

Nne ni jambo nilipendalo zaidi. Mwaka 1958, karibu na Morken-Harff nchini Ujerumani, yalipatikana mawe ya nadhiri zaidi ya 150 ya zama za Warumi, karne ya 2 na ya 3 BK, yaliyotolewa kwa miungu mama walioitwa matronae Austriahenae. Shina la jina hilo linaelekea kuwa lilelile la Eostre, linalohusiana na mashariki na mapambazuko. Philip Shaw, katika kitabu chake cha 2011, aliyatumia mawe hayo kuonyesha kwamba miungu ya kike ya mahali, yenye majina ya namna hii, ilikuwepo kweli katika dunia ya Wajerumani wa kale. Kwa maoni yake Eostre naye alikuwa wa eneo dogo, pengine Kent.

Wataalamu wa lugha huenda mbali zaidi na kumweka karibu na Eos wa Wagiriki, Aurora wa Warumi na Ushas wa Rigveda, tenzi za kale za Wahindi, wote wakiwa miungu ya alfajiri. Kwa mlio na maana linakaa vizuri. Ila tusiseme kwamba aliabudiwa kama wao, maana hapo tunarudi kulekule kwa Hislop, kujenga nyumba juu ya mlio wa jina.

Mwenye hamu ya kulaumu kanisa kwa kubatiza sherehe za watu asihangaike na Ishtar. Bede huyohuyo, katika historia yake ya mwaka 731, amenakili barua ya Papa Gregori ya mwaka 601 inayoagiza mahekalu ya Waingereza yasibomolewe. Sanamu zitolewe, maji ya baraka yanyunyizwe, na wale waliozoea kuchinja ng'ombe kwa mizimu wachinje sasa wakimshukuru Mungu. Huo ni ushahidi wa maandishi. Unahusu majengo na karamu, haujasema Pasaka ilianzia hapo.

#8 Mchangiaji

Sungura na mayai je? Maana hivyo havimo kwenye Biblia.

#9 Mleta mada

Havimo. Mayai nayaeleza kwa Kwaresma. Ulaya ya kale mfungo ulikataza nyama, maziwa na mayai, lakini kuku hafungi. Kwa siku 40 mayai yanarundikana, na Pasaka ikifika ndicho chakula cha kwanza cha furaha. Hesabu za nyumba ya mfalme Edward I wa Uingereza za mwaka 1290 zina peni 18 za mayai 450 yaliyopambwa, mengine kwa dhahabu, kugawiwa watu wa nyumba ya mfalme. Mayai ya rangi wanayo pia Wairani kwenye Nauruzi na Wamisri kwenye Sham el-Nessim, Jumatatu inayofuata Pasaka ya Wakopti, ambayo Waislamu na Wakristo huisherehekea pamoja kwa mayai na samaki wa chumvi. Yai ni ishara ya uhai kwa karibu kila kabila linalofuga ndege, hivyo huwezi kusema ni mali ya mwenye mmoja.

Sungura ni mgeni zaidi. Daktari wa Kijerumani Georg Franck von Franckenau aliandika mwaka 1682 kuhusu desturi ya Alsace na maeneo jirani ya kuwaambia watoto kwamba sungura hutaga mayai na kuyaficha bustanini. Kwingine aliyeleta mayai alikuwa mbweha, kwingine ndege kekeo. Wahamiaji wa Kijerumani wakamchukua sungura hadi Pennsylvania karne ya 18, na viwanda vya peremende vikafanya yaliyobaki.

Aliyemuunganisha na mungu wa kike ni karne ya 19. Jacob Grimm, mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, mwaka 1835 alikubali maneno ya Bede akakisia kwamba Wajerumani nao walikuwa na mungu wa aina hiyo, akamwita Ostara. Mjerumani mwenzake Adolf Holtzmann, mwaka 1874, alishindwa kumwelewa huyo sungura akasema pengine alikuwa mnyama wa Ostara. Neno "pengine" likapotea njiani, vitabu vilivyofuata vikaandika kana kwamba ni habari ya kale.

#10 Mchangiaji (Unguja)

Assalaam alaykum. Mimi si Mkristo lakini uzi huu nimeufuata tangu mwanzo. Umetaja Nauruzi. Kwetu Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, nao asili yake ni mwaka wa Kiajemi, wazee huita Nairuzi. Ila sisi tunausherehekea Julai. Vipi sikukuu ya machipuko ikaja kuangukia kipupwe?

#11 Mleta mada

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Swali lako limenifurahisha mno kwa sababu linagusa kiini cha mada.

Mwaka wa jua wa pwani una siku 365 bila kuongeza ile siku moja kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo kila miaka minne unasogea siku moja kulinganisha na jua, na kwa karne nyingi sikukuu inahama majira. Makunduchi wamebaki na kuoga mwaka, kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda cha makuti, vitu vyenye maisha yake hapo hapo Makunduchi. Asiyejua akiuona Mwaka Kogwa leo na kusema ni ibada ya Wazoroasta, atakuwa ametaja asili ya kalenda na kukosa kabisa kinachofanyika uwanjani.

Pasaka ina kisa kinachokaribia hicho. Wayahudi waliifunga kwenye shayiri ya Palestina. Wakristo wa kwanza wa Asia Ndogo waliishika siku ileile ya 14 ya Nisani, iwe Jumanne iwe Ijumaa, wakati Roma iliisogeza hadi Jumapili. Polikarpo wa Smirna alisafiri hadi Roma yapata mwaka 155 akajadiliana na askofu Aniceto. Hawakuafikiana, ila waliagana kwa amani. Karibu mwaka 190 askofu Viktori wa Roma alitaka kuwatenga makanisa ya Asia kwa sababu hiyo, Polikrate wa Efeso akamjibu kwa ukali, na Irenei, askofu wa Lyon, akaingia kusuluhisha. Mahubiri ya Melito wa Sardi kuhusu Pasaka ya karne hiyohiyo tunayo mpaka leo, na yamejaa damu ya mwanakondoo wa kitabu cha Kutoka. Huyu alitangulia zaidi ya miaka 500 kabla Bede hajamtaja Eostre. Konstantino aliukuta ugomvi huo ukiwa mkongwe, na Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliamua tu kwamba wote waishike siku moja. Hesabu tunayoitumia ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, ndiyo sababu inaangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25.

Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa tarehe hizo ni masika, njia zimejaa maji. Hatuna machipuko ya kusherehekea, na Pasaka haijapungukiwa kitu. Ingekuwa uhai wake umo kwenye majira ya Ulaya au kwa mungu wa majira hayo, isingeshika mizizi huku kwetu.

#12 Mchangiaji

Mleta mada, swali la mwisho. Kuna wazungu naona mtandaoni wanasherehekea Ostara kila Machi na kusema ni dini ya mababu zao. Nao wanakosea?

#13 Mleta mada

Dada (au kaka), hao ni wafuasi wa Wicca na upagani mpya. Jina Ostara kwenye mzunguko wao wa sikukuu 8 liliwekwa mwaka 1974 na Mmarekani Aidan Kelly, akilichukua kwa Grimm. Sikukuu yao ni ya kweli kwa maana kwamba watu wanaiamini na kuifanya, na siwabezi. Wakisema ni ya mababu wa kabla ya Ukristo, hapo nawaomba ushahidi kama ninavyowaomba wenye kueneza ujumbe wa Ishtar. Kwa upande wa maandishi, mababu hao wametuachia sentensi za Bede, jina la mwezi, na mawe ya Morken-Harff.

Mwenye kutaka sehemu ya Kibele na Attis, miungu walioabudiwa Roma, aseme, nayo ni ndefu na nitaifungulia uzi wake, maana sherehe zao za Machi zina ushahidi wa kalenda ya mwaka 354 na zinahitaji kusomwa taratibu.